Mbao ya Chini

Andiko: Nehemia 5:1-13, Marko 12:38 hadi 13:2, 2 Wakorintho 8:1-15

Ujumbe huu ulihubiriwa Jumapili iliyopita katika ibada zote mbili. Kwa kuwa wengine wenu mlikuwa kazini na wengine mlikuwa nje mkibembeleza watoto, nimeuandika karibu wote. Nimepunguza kelele zangu tu.

Mnakumbuka Jumapili ya Familia vijana walileta ule mchezo wa mbao unaoitwa Jenga. Hawakununua dukani, fundi wa mbao aliwakatia vipande kutoka mabaki ya mbao za mjengo, wakavipiga msasa wenyewe. Wazee wa kanisa walicheza na watoto wa Sunday School, na wamama wa jikoni wakaacha masufuria wakaja kutazama. Nilikaa pembeni karibu saa nzima nikiangalia, na roho yangu ikashikwa na kitu.

Kwa wasioujua mchezo, wacha nieleze. Vipande ni 54. Kila kimoja urefu wake ni mara tatu ya upana wake, kwa hiyo vitatu vikilazwa pamoja vinafanya mraba. Unalaza vitatu, juu yake vitatu vingine vikielekea upande mwingine, hivyo hivyo mpaka ghorofa ya 18. Kisha kila mtu kwa zamu yake anachomoa kipande kimoja kutoka chini na kukiweka juu kabisa. Unatumia mkono mmoja tu. Huruhusiwi kuchukua kwenye ghorofa ya juu iliyokamilika. Lazima uende chini yake. Atakayeangusha mnara ameshindwa.

Mchezo huu una damu ya kwetu. Mwanamke aliyeuleta sokoni, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika akakulia huku Afrika, akisema Kiingereza na Kiswahili tangu utotoni. Familia yake ilipohamia Ghana, walikuwa wakicheza kwa vipande vya mbao vilivyokatwa katika kiwanda cha mbao huko Takoradi. Mwaka 1983 aliupeleka kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London, na alipotafuta jina alirudi kwenye Kiswahili: Jenga. Leo unauzwa dunia nzima, na mwaka 2020 uliingizwa katika jumba la kumbukumbu ya vitu vya kuchezea kule Marekani. Mamilioni ya watu wanatamka neno letu bila kujua kwamba ni amri. Mtoto wa Canada anasema "Jenga!" na hajui ameambiwa afanye nini.

Ndugu mmoja aliniuliza mlangoni, "Mchungaji, hii si kamari?" Hapana. Hakuna dadu, hakuna karata, hakuna pesa, hakuna mtu anapoteza mshahara. Ni afadhali mara mia kuliko zile simu zenu za kubashiri mpira, ambazo wengine mnazificha nikipita. Stima ikipotea jioni, washa taa, weka kisanduku mezani, baba na mama na watoto mkae pamoja. Sina neno nao kabisa.

Neno langu ni hili. Nilipokuwa nikitazama, mnara ulipanda. Kutoka ghorofa 18 ukafika 20, ukafika 23, watu wakapiga makofi. Nikajiuliza: mbao mpya zimetoka wapi? Hakuna! Zilikuwa 54 tulipoanza, na ni 54 mpaka sasa. Mnara umekuwa mrefu kwa sababu umetobolewa chini. Kila kitu tunachokipigia makofi kule juu kimechomolewa mahali ambapo kilikuwa kinashikilia kitu. Mchezo unaitwa Jenga, lakini mkono unafanya kazi ya kuchomoa. Mko na mimi?

Sasa tufungue Nehemia. Tunapenda sana kuhubiri sura ya nne, wale watu wakijenga kwa mkono mmoja na mwingine umeshika silaha. Tunapenda sura ya sita, ukuta umekwisha kwa siku 52 na maadui wameaibika. Sura ya tano tunairuka kama dimbwi la maji barabarani. Lakini angalia mahali ilipowekwa. Sura ya nne inasema ukuta ulikuwa umeunganishwa mpaka nusu ya kimo chake. Kazi iko katikati, fundi yuko juu ya ngazi, na hapo ndipo kilio kinatokea. Na hakitoki kwa Sanbalati. Kinatoka ndani.

Watu na wake zao wanalia. Wengine wanasema, sisi na watoto wetu ni wengi na hatuna nafaka. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wale wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na sasa mabinti wao wamechukuliwa kuwa watumwa. Aliyewakopesha ni nani? Ni ndugu yao Myahudi. Ni yule anayebeba mawe pamoja nao asubuhi! Mchana mnajenga ukuta mmoja, jioni anakuja kuchukua shamba lako. Ukuta unapanda na nyumba zilizo ndani ya ukuta zinaisha.

Nehemia alikasirika sana. Biblia haifichi. Lakini alitafakari kwanza moyoni, halafu akawakemea wakuu na wenye mamlaka, akaita mkutano mkubwa. Fikiria kalenda ya kazi ile. Adui yuko mlangoni, kila saa ina thamani, na kiongozi anasimamisha watu ili waongee habari ya madeni na watoto wa maskini. Mkandarasi wa leo angesema, "Hayo tutayaona tukimaliza." Nehemia hakusema hivyo. Ukuta ungelinda nani, kama waliomo ndani wameshauzwa?

Hebu turudi kwa zile mbao kidogo, kuna jambo lingine nililiona. Kwa macho vipande vyote ni sawa. Lakini havilingani kabisa. Kimoja kimezidi kingine kwa unene wa unywele. Hata vile vya dukani vimeachwa na tofauti ndogo kama hizo. Kile kilichozidi kidogo ndicho kinabeba uzito wa mnara, na jirani yake amelegea, hana mzigo. Ukitazama tu huwezi kujua. Ndiyo maana mchezaji mwenye busara anagonga kwanza kwa ncha ya kidole, polepole. Kikisogea, anakichukua. Kikikaza, anakiacha, anajua hapa pamebebwa.

Kanisani ni vile vile, na nyumbani ni vile vile. Anayebeba hajulikani kwa kumtazama. Mara nyingi ni yule ambaye hasemi. Hajawahi kuja ofisini kuomba nauli, hajasimama kwenye ushuhuda kulia, basi tunadhani amelegea, ana nafasi, tumwongeze jukumu moja. Wamama wa jikoni wananielewa.

Dada mmoja wa kanisa hili ameniruhusu niseme habari yake bila kumtaja. Yeye ni kifungua mimba. Alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, akakaa miaka minne. Kila mwezi alituma pesa. Mdogo wake akasomeshwa, mwingine akanunuliwa boda boda, na pale nyumbani ushago nyumba ya udongo ikaondoka, ikasimama ya mawe, na mabati ya rangi, na madirisha makubwa. Alitumiwa picha kwa simu. Aliniambia kwamba usiku akimaliza kupiga pasi za watu alikuwa akiitazama ile picha mpaka analala. Halafu mgongo ukaharibika, akarudishwa. Alipofika nyumbani vyumba vyote vilikuwa na wenyewe. Walimtandikia sebuleni. Siku ya pili asubuhi, wakinywa chai, waliuliza, "Sasa utakaa siku ngapi?"

Nilimwuliza alijibu nini. Alisema alikunywa chai.

Si kwamba watu wale ni wabaya. Nimeketi nao, ni watu wa kawaida, wanampenda. Lakini kwa miaka minne walitazama juu, mahali nyumba inapoongezeka, na hakuna hata mmoja aliyeangalia pale ilipotoka. Wazazi, nawaambia kwa upendo: kila nyumba ina mtoto mmoja ambaye mambo mengine yote yamemkalia. Mara nyingi ni wa kwanza, na mara nyingi ni msichana. Mjue ni nani. Mgonge kwa kidole, polepole. "Mama, wewe mwenyewe unaendeleaje? Si pesa, wewe."

Sasa twende Marko, na hapa nitawaomba mtulie, kwa sababu nitagusa andiko ambalo sisi wahubiri tunalipenda wakati wa sadaka. Yule mjane wa senti mbili. Tumemhubiri sana. Tunasema, alitoa vyote, na wewe je? Sina shida na imani yake. Bwana mwenyewe alimheshimu kuliko matajiri wote waliokuwa pale. Lakini soma aya iliyo kabla yake, Marko 12:40. Yesu ametoka tu kuwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Pumua mara moja, mjane anaingia na kutoa riziki yake yote. Kisha soma aya zinazofuata, mwanzo wa sura ya 13. Wanatoka hekaluni na mwanafunzi mmoja anashangaa: Mwalimu, tazama mawe haya, tazama majengo haya! Na Bwana anamjibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe.

Msomaji wa Biblia zetu anakutana na namba ya sura, anafunga kitabu anakwenda kula. Marko mwenyewe hakuweka namba pale. Nyumba za wajane zinaliwa, mjane anatoa vyote, jengo linasifiwa, jengo linatangaziwa kuanguka. Ni habari moja inayotembea. Mimi naamini Yesu alipoketi kuikabili sanduku ya sadaka alikuwa anaona kilichokuwa kikichomolewa. Wanafunzi waliona kilichokuwa juu.

Nimesema hayo yote ili nifike nyumbani kwetu. Mnajua tunaezeka. Kuta zimesimama tangu mwaka jana, tunaabudu chini ya turubai, na mwezi wa tano tuligawa kadi za ahadi. Mungu amewatumia, pesa zimeingia, mbao za paa zimelipiwa nusu. Katika kutembelea nyumba, mashemasi walifika kwa mama mmoja anayeuza sukuma wiki. Walimkuta ameketi nje na watoto. Keateka alikuwa ameweka kufuli lake juu ya kufuli la mama. Kodi ya miezi miwili. Na kwenye mkoba wake kulikuwa na kadi ya ahadi, imelipwa yote mpaka shilingi ya mwisho, stakabadhi zimekunjwa vizuri ndani ya Biblia. Alikuwa amekopa kwa simu ili amalize kabla ya ile Jumapili ya kusoma majina.

Mlango umefunguliwa, kodi imelipwa, kwa hiyo tafadhali msianze kumtafuta ni nani. Nilipeleka jambo hili kwa wazee, na tulikaa mpaka saa nne usiku. Nitawaambia tulivyobishana, kwa sababu ni haki yenu kujua.

Mzee mmoja, na ni mtu ninayemheshimu sana katika maombi, alisema tusizuie imani ya watu. Alifungua 2 Wakorintho 8 akasema, makanisa ya Makedonia yalitoa katika umaskini wao mkubwa, yakatoa kupita uwezo wao, na Paulo akayasifu. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Mtu akiguswa na Mungu kutoa chakula chake cha mwisho, mimi ni nani nimshike mkono? Lakini nikamwomba mzee aendelee na sura ile ile. Wamakedonia waliomba wenyewe, kwa kusihi sana, waruhusiwe kutoa. Hakuna aliyewasomea majina. Na Paulo akiwageukia Wakorintho anasema utoaji unakubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, wala si kwa asichokuwa nacho. Na kwamba nia yake si wengine wapate raha na wao walemewe. Anataka usawa. Paulo aliyesifu ni Paulo yule yule aliyeweka mpaka.

Akaniuliza, na mjane wa Sarepta? Eliya si alimwambia amtengenezee yeye kwanza? Alimwambia. Lakini Eliya hakuchukua ule mkate akaondoka na gari. Alikaa katika nyumba ile, akala kutoka chungu kile kile, na mtoto alipokufa yeye ndiye aliyembeba akapanda naye ghorofani na kumlilia Mungu. Mtumishi akitaka kumhubiri mjane wa Sarepta, kwanza ahamie kwake. (Nilisema hivyo kwa utani, na mzee alicheka, lakini hakuna aliyejibu.)

Kuna mwingine alisema kitu ambacho sikutarajia kutoka kwake, kwa sababu yeye ni mhasibu na hapendi hesabu zivurugike. Alisema kwamba katika mchezo ule wa vijana, sheria inamlaumu aliyegusa mwisho. Mnara ukianguka, ni yeye. Lakini wote tumechomoa. Tumetoboa chini watu kumi na wawili, halafu mtoto wa darasa la nne anagusa kidogo na tunamwelekezea kidole. Ghorofa moja ina vipande vitatu. Ukichomoa cha kati, viwili vya kando vinaweza kushika. Ukichomoa vya kando vyote, cha kati kinaweza kusimama peke yake. Ila aliyechukua cha kati amemwachia mwenzake mtego. Atakayegusa cha kando amekwisha. Mhasibu akasema, "Huyu mama angeacha wokovu kwa sababu ya aibu ya kufungiwa nyumba, tungesema amerudi nyuma. Tungemlaumu yeye." Chumba kilinyamaza. Ni kama wale wakuu wa Nehemia 5:8, walinyamaza wasipate neno la kusema.

Angalia Nehemia alivyofanya baada ya kunyamaza kwao. Hakuitisha maombi tu, ingawa alikuwa mtu wa maombi. Alisema, rudisheni. Rudisheni leo hii mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na ile riba ya fedha na nafaka. Akaita makuhani, akawaapisha. Akakung'uta vazi lake mbele yao, akasema asiyetimiza ahadi hii Mungu amkung'ute hivi. Na mkutano wote ukasema amina. Na yeye mwenyewe, ambaye kama liwali alikuwa na haki ya posho ya chakula, hakuichukua kwa miaka 12, na bado mezani pake walikula watu 150.

Kwa hiyo wazee wameamua hivi, na mimi nimetia sahihi. Yeyote aliyeandika ahadi ya paa, na anailipa kutoka kodi ya nyumba, karo ya shule, dawa, au pesa ya mkopo, arudishe kadi. Ofisi itakuwa wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi. Katibu atachukua kadi na hataandika jina wala kuuliza sababu. Ukiulizwa sababu, niite. Aliyekwisha kulipa kwa mkopo aje na stakabadhi yake, mweka hazina atamrudishia kutoka akaunti ya ujenzi. Tumefanya hesabu, inawezekana. Majina hayatasomwa tena ibadani, ya waliotoa wala ya waliobaki. Na mfuko wa wahitaji utajazwa kwanza kila mwezi kabla ya ujenzi kuguswa. Mwenye nacho aendelee kutoa, tena kwa furaha; wenye magari mnisikie vizuri hapo.

Mpendwa unayesoma hii kwenye matatu, pengine kadi yako iko kwenye mkoba sasa hivi na unaona aibu kuirudisha. Mpe mwanao ailete, au mpe mama wa fellowship ya nyumbani kwako. Au iache tu kwenye kikapu cha sadaka ikiwa imekunjwa. Tutaelewa.

Paa haliwezi kukamilika mwezi wa kumi na mbili kama tulivyotangaza. Fundi ameelezwa, amekubali kungoja, na mbao zilizolipiwa zimewekwa kwake mahali pakavu. Mvua za Novemba zitatukuta bado chini ya turubai. Wahudumu wa vyombo wameombwa walete nailoni ya kufunika spika, na wanaokaa upande wa kushoto, kule kunakovuja, waje na miavuli.